Lita Mbili Zilizobaki

Kitu cha kwanza alichokiona Zuena kilikuwa tone. Lilikuwa limeanguka mahali gari lilipolala, kwenye udongo alioufagia yeye kila asubuhi, na kuku mmoja alikuwa amelidonoa kisha akajifuta mdomo kwenye nyasi. Zuena aliweka ufagio chini, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, akanusa. Oili ya giaboksi ikiwa nzima huwa nyekundu kama maji ya rozela. Hii ilikuwa ya kahawia, na ilinuka kama maharagwe yaliyoshika sufuria.

"Unanusa nini huko?" Abu, mumewe, alikuwa amesimama mlangoni, mswaki mdomoni.

"Giaboksi inavuja kidogo, baba Aminah. Na oili yake imeungua. Inataka kubadilishwa kabla gia hazijaanza kuteleza."

"Wewe na hiyo pua yako." Abu alitema povu. "Baba amesema ataibadilisha kesho, hapa hapa nyumbani. Fundi hatakula pesa yetu."

Zuena aliokota ufagio. Alikuwa na swali, ila alilifagia pamoja na takataka. Mzee Sulemani, baba mkwe wake, alikuwa ameendesha trekta za miwa kwa miaka ishirini na miwili, na hapo Matungu hapakuwa na mtu wa kumwambia kuhusu oili. Trekta, lakini. Hili lilikuwa gari dogo jeupe, kuukuu, la otomatiki, lisilo na klachi, na boma zima lilikuwa likila kutokana nalo. Abu alibeba watu na mizigo kati ya Matungu na Mumias, na siku gari halikutoka, sufuria nayo ilikaa imefunikwa.

Zuena aliyajua magari namna ile kwa sababu hakumaliza shule. Alikuwa darasa la sita jeki ilipoteleza na kuvunja mkono wa kulia wa baba yake, Fundi Abdulfatah wa Ekero. Tangu siku hiyo vidole vya msichana vikawa vidole vya fundi. Kwa miaka minne alilala chini ya magari ya watu, akafungua nati na kufunga nati, huku baba yake amechuchumaa kando akimwelekeza. Alipoolewa, baba yake alimpa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji. "Huyu ndiye shule yako niliyoila," alimwambia. "Usimwachie mtu."

Mtamba huyo sasa alikuwa ng'ombe wa maziwa. Maziwa ya asubuhi yaliuzwa, na ndiyo yaliyomweka Aminah, mtoto wao wa miaka mitano, katika shule ya chekechea. Katika boma lote hilo, ng'ombe huyo ndiye kitu pekee ambacho Zuena angeweza kukigusa na kusema ni changu. Hata hivyo, hakuwahi kulisema.

*

Siku ya pili Mzee Sulemani alitoka mapema, amevaa ovaroli yake ya zamani ya bluu, akaliinua gari kwa jeki na kulikalisha juu ya mawe manne. Majirani wawili walikuja kutazama. Abu aliingia chini, akafungua nati, na oili ile ya kahawia ikaanza kumwagika ndani ya karai.

"Iache itoke yote," mzee alisema. "Mpaka tone la mwisho. Mafundi wa siku hizi wanakujanga na haraka. Wanaacha uchafu ndani ndiyo urudi kwao."

Zuena aliyatazama hayo kutoka kwenye mlango wa jikoni, ng'ambo ya ua. Hakuweza kusogea zaidi. Katika boma lile mke wa mwana na baba mkwe hawakupeana mkono, hawakupishana kwenye njia nyembamba, wala hawakusemezana ana kwa ana. Maneno yalipita kwa mtu wa tatu, hata kama wote wawili walisikiana vizuri. Kwa miaka sita Mzee Sulemani hakuwahi kumwambia neno, ila "mwambieni mke wa Abu" hivi, "mwambieni mke wa Abu" vile. Na Zuena, aliyezaliwa na aibu, aliona afadhali. Ua ule ulimfaa.

Adhuhuri ilipokaribia, mama mkwe, Mama Swafia, alimletea lile karai.

"Chukua, upake nguzo za banda la mbuzi. Mchwa wametumaliza."

Zuena alikwenda nalo nyuma ya banda. Lakini kabla ya kupaka aliimimina ile oili kwenye chupa ya maji ya lita mbili, kama baba yake alivyomfundisha: kilichotoka kipime, maana ndicho kitakachorudi. Chupa ilijaa mara ya kwanza. Ikajaa mara ya pili. Ikafika robo mara ya tatu. Lita nne na nusu. Ndipo akachukua kitambaa akaanza kupaka nguzo.

Aliporudi mbele, Abu alikuwa akimimina oili mpya kwa faneli. Walikuwa wamenunua lita tano, chupa tano za lita moja moja. Mzee alichomoa kile kijiti cha chuma cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akakiinua juani.

"Imejaa," alisema. "Funga."

"Chupa tatu tu?" jirani mmoja aliuliza.

"Tatu. Mnaona sasa? Fundi angekwambia tano, akazificha mbili akawauzia wengine. Hizi mbili ni zangu."

Wakacheka. Zuena hakucheka. Injini haikuwa imewashwa. Gari lilikuwa baridi kama jiwe la kusagia. Trekta hupimwa hivyo, imezimwa, imetulia, na anayependa hupima huku akinywa chai. Lakini otomatiki huificha oili. Ukiizima, oili hurudi chini na kijiti kikakudanganya kwamba imejaa; ukiiwasha, inavutwa juu na chini kunabaki kukavu. Ni lazima uwashe, uache ipate moto, upitishe gia zote moja moja, kisha upime injini ikinguruma.

Alimvuta Mama Swafia kwenye upindo wa leso.

"Mama. Tafadhali mwambie baba awashe gari kwanza. Apitishe gia zote ndipo apime. Iliyotoka ilikuwa lita nne na nusu, nimeipima."

"Mimi niende nikamwambie hivyo mbele ya watu?"

"Tafadhali, mama. Itaungua."

Mama Swafia aliuvuka ua kama mtu anayebeba kaa la moto kwa kijiko. Alisema maneno yale akiwa ameangalia pembeni. Mzee Sulemani alikifuta tena kile kijiti. Kisha akajibu kwa sauti kubwa, uso wake kwa mkewe, maneno yake kwa jikoni.

"Mwambie mke wa Abu kwamba trekta nilianza kuiendesha yeye hajazaliwa. Mwambie kitu chake cha kupima ni chungu cha obusuma. Akipima unga na maji, asituletee uji, mimi nitashukuru."

Majirani waliangua kicheko. Mmoja akajipiga paja. "Mzee, umeozeshewa mhandisi."

"Mhandisi wa darasa la sita," mzee alisema.

Yote hayo Zuena angeyabeba. Aliyasikia mengine kama hayo akiwa chini ya magari Ekero. Kilichomchoma ni kwamba Abu naye alicheka. Hakucheka sana. Alicheka kidogo, ameinamisha kichwa juu ya faneli, kicheko cha mtoto anayetaka baba yake amwone. Maneno mawili yalimjia Zuena mdomoni, mawili tu, akayameza, akarudi jikoni kusonga obusuma, ugali wa mchana.

Jioni hiyo Mama Swafia alimwambia, nusu mzaha, nusu kujisikia vibaya, "Zile chupa mbili ameziweka chini ya kitanda, kama dhahabu. Wanaume."

*

Gari lilikufa siku iliyofuata, kwenye mwinuko wa barabara ya Ekero, si mbali na Matungu.

Abu alipiga simu kabla ya saa nne. Alikuwa amebeba wanawake watatu na magunia mawili ya karanga za sokoni. "Linanguruma lakini haliendi," alisema, na nyuma yake Zuena alisikia injini ikilia kama mnyama aliyefungwa. "Nikikanyaga mafuta linapiga kelele tu. Na kuna harufu."

"Zima," Zuena alisema. "Usikanyage tena. Zima sasa hivi."

"Nimempigia baba. Amesema nikanyage mpaka lizoee."

"Baba Aminah, nisikilize mimi. Zima."

Simu ilikatika. Aliambiwa baadaye kwamba Abu alikanyaga dakika kumi zaidi, mpaka moshi ukatoka na wanawake wakashuka wakidai nauli yao.

Liliporudi lilivutwa kwa kamba, polepole, nyuma ya trekta ya miwa. Watoto wa njiani walilifuata. Dereva wa trekta alikuwa mtu aliyefanya kazi na Mzee Sulemani zamani, na alipofika langoni hakushuka, alipiga honi tu.

"Salaam aleikum, Sulemani. Trekta yangu imezaa. Njoo upokee mtoto."

Mzee Sulemani hakuitikia salamu. Alikuwa amesimama na ile ovaroli yake ya bluu, mikono mfukoni, na Zuena, kutoka kwenye mlango wa jikoni, alimwona akitazama matairi badala ya watu. Kwa dakika moja alimwonea huruma. Huruma hiyo haikufika magharibi.

Maana kabla ya magharibi mzee alikwisha kumpata mwenye makosa. Alikaa kwenye kiti chake nje, Mama Swafia na Abu mbele yake, akasema kwa sauti ya kusikika jikoni.

"Oili ya zamani ilimwagwa na nani?"

"Mimi nilimpa mke wa Abu apake banda," Mama Swafia alisema.

"Na aliipeleka nyuma ya banda, akaishika, akaipima. Nani alimtuma kupima? Mwanamke ameketi akahesabu matumbo ya gari, kisha akalitabiria kuungua. Alisema itaungua. Hukusema wewe mwenyewe kwamba alisema itaungua?"

"Alisema."

"Basi. Mdomo umeumba." Mzee alinyoosha miguu. "Giaboksi nyingine itanunuliwa. Mimi sina kitu, miwa bado haijalipwa. Yule ng'ombe mwekundu atauzwa. Makhanu dalali atakuja kesho asubuhi. Mwambieni mke wa Abu amkamue mapema."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, kama mtu anavyoamua kuhamisha kiti.

*

Abu alikula bila kuinua macho. Zuena alisubiri amalize tonge la tatu.

"Ng'ombe ni wangu," alisema.

"Ng'ombe ni wa boma."

"Baba yangu alinipa mimi. Ulikuwepo. Ulishika kamba."

"Na wewe ni wa nani? Si uko kwa boma hili?" Abu alisukuma sahani. "Zuena, usinifanye niwe kuni kati ya mawe mawili. Gari lisipotembea tutakula hilo doa jeupe la ng'ombe wako?"

"Gari halijafa. Limekaukiwa. Imepungua lita moja na nusu, na ile iliyovuja; kuna lita mbili zimebaki. Zitie, uwashe, upime likiwa moto."

"Nimwambie baba alikosea? Mbele ya Makhanu na majirani?"

"Mwambie hata mkiwa wawili."

Abu alinawa mkono. Kisha akasema kitu ambacho Zuena hakukisahau. "Najua ulikuwa unasema ukweli jana. Lakini ukweli wako ulikuja kwa mlango mbaya."

Alijua, basi. Alijua alipokuwa anacheka. Hasira ya Zuena, ambayo mpaka hapo ilikuwa ya kutangatanga, ikimgusa mzee, ikimgusa jirani aliyejipiga paja, ilipata mahali pa kukaa. Alichukua simu akatoka, akasimama kando ya ng'ombe, akampigia baba yake.

Fundi Abdulfatah aliuliza machache. "Lilivutwa umbali gani?"

"Kama kilomita mbili. Polepole."

"Likirudi nyuma linashika?"

"Abu anasema linashika kidogo kabla ya kuteleza."

"Basi huenda bado. Oili hiyo ikiingia leo, pengine litaamka na kukohoa tu. Likiendeshwa tena kavu, ndiyo mazishi." Alivuta pumzi. "Nije niongee na mkwe?"

Zuena alimfikiria baba yake na mkono wake uliopinda, akisimama katika ua ule, naye aitwe mhandisi.

"Hapana, baba. Ukija watasema nimeleta ugomvi wa kwetu."

"Sasa nani atasema?"

Ng'ombe alimpumulia shingoni, pumzi ya joto yenye harufu ya majani ya miwa.

*

Makhanu, dalali wa ng'ombe, alikuja kabla umande haujakauka. Alikuwa mtu wa mikono mirefu na maneno mafupi. Alimzunguka ng'ombe, akamfungua mdomo, akaminya kiwele, akampiga ubavu kama anayebisha hodi.

"Anakamuliwa ngapi?"

"Lita sita asubuhi," Abu alisema.

"Lita sita za maji ya mto ama za maziwa?" Makhanu alicheka peke yake. "Ana mguu wa nyuma mwembamba. Mkia wake pia siupendi. Nitawasaidia tu kwa sababu ya shida yenu."

Mzee Sulemani alikuwa kwenye kiti chake, chai mkononi, wale majirani wawili wakiwa wameketi kwenye benchi. Gari jeupe lilikuwa nyuma yao, bado na matope ya barabarani. Mama Swafia alikuwa mlangoni. Bei ilitajwa, ikapunguzwa, ikapunguzwa tena, na kila ilipopunguzwa Makhanu alitafuta ugonjwa mwingine katika mwili wa ng'ombe. Zuena alisikia shule yake ikikatwa vipande. Hapa pembe. Hapa jino. Hapa Aminah na sare yake ya kijani.

"Mwambieni mke wa Abu alete kamba nzuri," mzee alisema. "Hii imekatika."

Mama Swafia aligeuka kumwambia. Zuena alikuwa amekwisha kusikia. Aliichukua ile kamba nyuma ya mlango wa jikoni. Kisha, badala ya kumpa mama mkwe, alitembea.

Ua ule haukuwa mpana. Hatua ishirini, labda ishirini na tano. Alikuwa ameufagia siku zote za miaka sita, lakini kila mara akiugawa, upande huu mzee akiwa ndani, upande ule mzee akiwa shambani. Alipofika katikati, majirani waliacha kunywa. Alipompita Abu, Abu alisema, "Zuena," kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwonya mtoto karibu na moto. Hakusimama. Alifika mbele ya kiti cha baba mkwe wake, hatua tatu tu, akasimama hapo ameshika kamba kwa mikono miwili.

Mzee Sulemani aliinamisha uso. Ndiyo desturi. Akautazama udongo kama mtu anayetafuta sindano.

"Gari halina oili," Zuena alisema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Zilitoka lita nne na nusu. Mliweka tatu. Mlipima gari likiwa limezimwa, kama trekta. Nilisema. Ujumbe ulifika, na mlicheka."

Kuku walipita.

"Mwambieni mke wa Abu arudi jikoni," mzee aliuambia udongo.

"Ng'ombe huyu si wa kununua giaboksi," Zuena aliendelea, na sasa aliyasikia maneno yake mwenyewe, mazito, kila moja limesimama kwa miguu yake. "Giaboksi haijafa. Inataka lita mbili. Na lita mbili hizo ziko chini ya kitanda chako."

Mama Swafia alijifunika mdomo kwa leso. Mke wa mwana kutaja kitanda cha baba mkwe, mbele ya watu, mchana kweupe. Hilo halikuwahi kusikika Matungu. Jirani aliyejipiga paja alisimama kama anayetaka kwenda zake, kisha akakaa, maana aliona aibu kuondoka na aibu kubaki. Abu alikuwa ameshika kichwa.

Makhanu aliutazama uso wa Zuena, akamtazama ng'ombe, akamtazama mzee aliyeinama. Aliifungua mikono yake mirefu, na kipande cha kamba iliyokatika kikaanguka.

"Mimi sinunuanga ng'ombe mwenye kesi," alisema. "Mkimaliza mniite. Ama msiniite." Akachukua fimbo yake akaenda.

Ng'ombe, aliyeachwa bila mtu, alisogea taratibu akaanza kula majani kando ya gurudumu la gari.

Mzee Sulemani aliiweka chai chini. Kikombe kiligonga kisahani mara mbili kabla ya kutulia. Hakuinua uso. Alipozungumza ilikuwa kwa ile sauti yake ya siku zote, ya kupeleka maneno kwa mtu wa tatu.

"Abu. Mwambie huyu mke wako—"

"Niambie mimi," Zuena alisema.